Chupa ya Kumi na Moja

Wajukuu wangu wakitaka nicheke wananiita Mutachoka, nami naitika. Hilo ni jina la mbwa. Nililivaa mwezi mmoja na siku kadhaa, zamani za Zaire, na karibu liniue, halafu likaniponya. Mjukuu wangu mkubwa wa kike, yule anayesomea mambo ya labo, ya maabara, ndiye aliyeniletea daftari hili. Akasema, koko, bibi yangu, andika mwenyewe, usimwachie mtu mwingine akuongezee chumvi. Basi naandika. Niliacha shule darasa la tatu, baba alipoona najua kuandika jina langu na kuhesabu mpaka mia akasema inatosha. Atakayeona makosa ayaruke.

Kazi yangu ilikuwa kupika lutuku. Nasema wazi, maana askari waliokuwa wananikamata wamekufa wote, na nusu yao walikuwa wateja wangu. Lutuku ya mahindi na muhogo, inachachuka ndani ya pipa, inapikwa, moshi wake unapita kwenye bomba la shaba ndani ya maji baridi, na upande wa pale inatoka tone kwa tone, nyeupe kama maji ya mvua. Kindu kulikuwa na wanawake wengi wanaopika. Yangu ilijulikana. Mlevi akinywa kwangu asubuhi yake anaamka na kichwa chake mwenyewe, si cha jirani.

Siku moja akaja kwangu kijana mwenye abakosti, ile suti isiyo na tai ya watu wa Serikali, iliyopigwa pasi mpaka inakata. Daktari wa wanyama, mtu wa Kasai, Serikali ilikuwa imemtuma Kindu aangalie ng'ombe, na Kindu ng'ombe walikuwa wachache kuliko madaktari. Hakunisalimu kama mlevi, akanisalimu kama mtu wa ofisi. Akaniuliza katika pombe zangu ipi ni kali. Nikammwagia kidogo kwenye sahani nikaiwasha kiberiti, ikawaka buluu, bila wekundu hata kidogo. Akainama akaitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama naweza kuipika mara ya pili, halafu mara ya tatu, mpaka isibaki na maji. Nikajisemea, masikini, mtoto wa watu amesoma mpaka amefika hapa. Akatoa mfukoni karatasi, ndani ya karatasi mlikuwa na kipande cha nyama, akakitumbukiza ndani ya lutuku yangu.

Nikamwambia, "Daktari, siye nyama tunaikaanga kwanza."

Alicheka mpaka akakaa chini, na abakosti yake yote. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, kama mtu anavyompenda mdogo wake.

Akanieleza. Dawa ya kutunza nyama isioze, ile inayochoma macho, formoli, ilikuwa imekwisha Kindu na barua zake za kuomba nyingine hazikujibiwa. Alikuwa na mwalimu wake kule Lubumbashi, mzee mmoja aliyetumia maisha yake kuchungulia madonge ya matiti. Madonge ya mbwa, na madonge ya wanawake. Mzee huyo alisema ugonjwa ule ni ndugu wa ugonjwa huu, mama mmoja baba mmoja, na atakayemjua mmoja vizuri atamjua na mwenzake. Alitaka vipande kutoka kwa mbwa wa msituni, wanaozaa kila mwaka na hawajaguswa na dawa ya mzungu. Vipande hivyo vingepanda treni ya mizigo mpaka Lubumbashi, na bila formoli vingefika vimeoza. Lutuku iliyopikwa mara tatu ingevishika.

Basi nikawa mtu wa sayansi. Nilikuwa nikipika nyumbani asubuhi, mchana naenda kwenye ofisi yake nyuma ya bandari, naosha chupa. Chupa zilikuwa za mayonezi. Duka kubwa la mgeni mmoja lilikuwa limechukuliwa na Serikali likapewa raia mwenzetu wa Chama, naye akauza kila kitu kwa muda mfupi, mpaka rafu. Zilizobaki ni chupa tupu, na hizo akampa daktari bure, ndiyo sadaka pekee tuliyopata kuiona kwake.

Na nilishika mbwa. Wawindaji wa upande wa Kailo walikuwa wakija siku ya soko na nyama ya kukaushwa na moshi, na mbwa wao nyuma. Mbwa wale hawabweki. Wanafungwa njuga ya mti shingoni ili mwindaji ajue wamefika wapi, lakini wenyewe hawafungui mdomo, wanakutazama tu kama wakwe. Daktari aliwaogopa. Mimi nimelea watoto saba na walevi wasiohesabika, mbwa ataniambia nini? Nilikuwa naketi chini, namlaza jike kwenye mapaja, namwimbia upuuzi wowote, na daktari anapapasa tumbo lake titi kwa titi.

Tena majina yao. Mwindaji wa kwetu hampi mbwa jina la kumwita tu. Anampa neno analotaka jirani yake alisikie. Umegombana na kaka yako juu ya mke, hutaki kwenda kumtukana mlangoni, unanunua mbwa unamwita Wivu Wenu, na kila jioni unasimama uani unaita kwa sauti kubwa, Wivu Wenu, njoo ule. Kaka anasikia, na hana la kusema, maana umemwita mbwa. Daktari aliyaandika yote kwenye orodha yake bila kucheka: Wivu Wenu, Mulisema Nini, Bado Niko, Kwani Kwako. Miaka ile hata sisi watu tulikuwa tumeamriwa tuyaache majina ya ubatizo tutafute ya mababu, kwa hiyo majina yalikuwa yanabadilika kila upande na hakuna aliyeona ajabu.

Daktari akipapasa, ananiambia weka na wewe kidole. Akanifundisha. Donge linalokimbia chini ya kidole, kama ngazi, ile kokwa ya mchikichi, inavyoteleza ndani ya mchuzi wa mawese, hilo mara nyingi halina ubaya. Donge lililokaa, limeshika ngozi, ukilisukuma linakuja na nyumba yake yote, hilo uliogope. Lakini akasema kidole si hakimu, kidole ni shahidi tu, hukumu iko kwenye kioo. Mwalimu wake alikuwa akimrudishia vioo vidogo vyenye nyama iliyokatwa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu na kupakwa rangi. Nikachungulia kwenye mikroskopi. Nilidhani nitaona damu na uchafu. Nikaona kitenge! Waridi na zambarau, madoa yamepangwa kuzunguka vijia vidogo, kama nyumba zinazozunguka ua. Hiyo ni nzima, akasema. Akaweka ya pili: madoa yamejaa, makubwa kwa madogo, yanapandana, hakuna ua wala njia, kama watu wamesikia sukari imefika dukani. Hiyo mbaya, nikasema kabla hajaniambia.

Akaniwekea vioo viwili vibaya, kimoja cha mbwa, kimoja cha mwanamke, akaniuliza kipi ni kipi. Sikujua. Akasema hata yeye huwa anababaika, isipokuwa mwalimu wake, huyo hakosei.

Mjukuu wangu anasema siku hizi wanachungulia mbali zaidi. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maagizo, kama karatasi ya fundi cherehani, gawanyika hapa, simama pale. Maagizo yakichanika, chembe inakosa wa kuiambia simama, inaendelea kuzaa tu. Na karatasi ya mbwa na yetu zimeshonwa kwa kitambaa kimoja, zinachanika mara nyingi mahali palepale. Nilipomsikia nikacheka. Nikamwambia, mimi nililijua hilo kwa kidole, wewe bado hujazaliwa na mama yako bado anakojoa kitandani.

Sasa nije kwenye chupa.

Siku ya soko moja daktari aliandaa chupa kumi na moja, kila moja na karatasi yake imebandikwa tayari, namba na jina la mbwa, maana wenye mbwa kumi na moja walikuwa wameahidi kuwaleta wakatwe madonge. Kumi walikuja. Wa kumi na moja, mwindaji mfupi mwenye kofia ya manyoya, alifika mpaka mlangoni, akaona kisu, akamchukua jike lake mikononi kama mtoto mchanga akakimbia naye mpaka mtoni. Jina la jike lile lilikuwa Mutachoka. Aliwaambia hivyo shemeji zake, kwamba watachoka kumsema. Daktari akaandika kwenye orodha kwamba namba kumi na moja hakuletwa. Chupa yake ikabaki juu ya meza, imejaa lutuku yangu, haina kitu ndani.

Wiki hiyohiyo nilikuwa naoga. Nikapitisha sabuni chini ya ziwa la kushoto, na kidole changu, kile kilichofundishwa kwa mbwa, kikasimama chenyewe. Kitu kama karanga. Nikakisukuma. Hakikukimbia. Nikakisukuma tena, kikaja na ngozi.

Niliketi juu ya jiwe la kuogea mpaka sabuni ikanikaukia mwilini.

Niliwaza jirani yetu mmoja, Mungu amweke, aliyekufa na kidonda cha ziwa. Hakumwambia mtu mpaka harufu ikasema kwa niaba yake, na walipojua, watu wakasema ni kwa sababu alimtukana mama mkwe wake. Alizikwa na maneno hayo. Mimi mama mkwe wangu nilimtukana kila Jumatatu, mtaa mzima ulisikia. Ningeponea wapi?

Nikaenda kwa muuguzi mzee wa zahanati ya watu wa reli. Akapapasa, akarudia, kisha akaenda kufunga mlango, na muuguzi anayefunga mlango unamjua. Akanichoma sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo kama punje ya mahindi, akanishona nyuzi mbili. Naye formoli hakuwa nayo, nikampa chupa ya lutuku niliyokuja nayo ndani ya kikapu. Akaandika karatasi yenye jina langu lote, umri wangu, watoto niliozaa, na neno ziwa mara tatu. Kisha akasema jambo lililoharibu kila kitu. Akasema, mume wako si njo mtu wa mizigo, si ndiye yule pale stesheni? Umpe yeye, atakipakia kwenye treni.

Lazima nieleze mume wangu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mtu mwema, mikono yake mikubwa kama makafi. Alijifunza kusoma akiwa tayari na watoto watatu, kwenye darasa la jioni la wafanyakazi, na tangu siku aliyoweza hakuacha. Lakini alisoma kwa sauti. Hakujua njia nyingine. Sanduku likipita mbele yake analisoma: sabuni, Punia, usigeuze. Gunia analisoma. Barua ya mtu anaisoma bahasha mbele na nyuma. Wapagazi walimpenda kwa hilo, walikuwa wanaketi kumsikiliza kama redio. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na furaha tu. Sasa umpe mtu huyo chupa yenye jina la mke wake na neno ziwa mara tatu, mbele ya stesheni nzima.

Nikamwambia muuguzi sawa, nitampa. Nikatoka, nikafika kwangu, ile karatasi nikaiweka chini ya pipa, ikapika lutuku pamoja na kuni.

Kesho yake, daktari alipokuwa ametoka kwenda kupanga mstari na kucheza ngoma za Chama kama wafanyakazi wote, nilikihamisha kipande changu kwa koleo lake, nikakiweka kwenye chupa ya kumi na moja. Nikaiziba kwa nta. Sikuandika kitu, kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Nikaipanga ndani ya sanduku pamoja na wenzake kumi, katikati ya maganda ya mpunga. Mpango wangu niliuona mzuri sana. Majibu yatarudi, nami huku naosha chupa nitauliza hivihivi, daktari, yule Mutachoka wamesema nini? Akiniambia mzuri, nitaimba. Akiniambia mbaya, nitajua la kufanya. Nilikuwa nimesahau kwamba orodha ndani ya sanduku ilisema namba kumi na moja hakuletwa.

Mume wangu alilipokea sanduku stesheni, akasoma kifuniko, akafurahi: vipande vya mbwa, Lubumbashi, haraka. Wapagazi wakamwuliza nani anakula mbwa kule. Treni ikaondoka nami nikiwa nimesimama kando na kikapu, naitazama kama mtu anayesindikiza mgeni.

Nikasubiri. Sijui kusubiri, mimi ni mtu wa moto na bomba, kitu kinatoka ninakiona. Nilipika lutuku nyingi kuliko wakati wowote. Nilimwacha mama mkwe wangu Jumatatu tano bila kumtukana, mpaka akamwuliza mwanawe kama naumwa.

Mchana mmoja nilikwenda stesheni kumpelekea mume wangu bugali na sombe, ugali na majani ya muhogo. Nikamkuta amezungukwa. Mtu wa telegrafu alikuwa amempa karatasi ampelekee daktari wa wanyama, na kama kawaida yake alikuwa ameanza safari kwa kuisoma. Ilikuwa ya Kifaransa, naye alikuwa anaigeuza Kiswahili polepole, kidole chini ya kila neno.

"Chupa kumi na moja, Mutachoka, si imbwa," akasoma. "Ni mwanamuke."

Wapagazi wakaanguka. Mmoja akashika nguzo. Akasema, kumbe wale watu wa Kailo tunawaona wanapita na imbwa kila soko, kumbe ni bibi zao. Mwingine akasema ndiyo sababu hawabweki, na akauliza mwanamke asiyebweka anapatikana wapi, naye atoe mahari leo hii. Mume wangu akanionyesha kwa kidevu akasema, "Usiniulize miye. Wangu huyu anabweka tangu ndoa." Wakacheka mpaka machozi. Hata mimi, nawaambia ukweli, mdomo wangu ulicheka.

Kisha akarudisha kidole kwenye karatasi, maana alikuwa hajamaliza, na hakuwa mtu wa kuacha neno bila kulisoma.

"Ni ugonjwa mubaya lakini ungali mudogo. Atafutwe leo. Akatwe. Akichelewa atakufa."

Kicheko kikakatika. Mpagazi aliyeshika nguzo akaiachia. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, sasa ni nani, masikini, na watamtafutia wapi, Kailo nzima? Mume wangu akakunja uso. Akasema mwanamke huyo bila shaka ana watu wake, na hawajui. Akaanza kutafuta kofia yake ampelekee daktari karatasi mbio.

Ningeweza kunyamaza. Nilishika kikapu, nikaona kama nimekaa tena juu ya lile jiwe. Niliona nikinyamaza watakwenda Kailo kumtafuta mwanamke ambaye hayuko, na mimi nitakuwa nyumbani napika, na karanga inakua. Nikaweka kikapu chini.

"Baba watoto," nikasema, "ile imbwa njo miye."

Alidhani bado tunacheza. Akatabasamu. Halafu akaniangalia mkono, maana mkono wangu ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye ziwa, na tabasamu lake likatoka usoni kama maji yanavyokwisha kwenye mchanga. Akaitazama karatasi tena. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mume wangu alisoma kimya. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akaisoma mpaka mwisho, akairudia, akaikunja akaiweka ndani ya shati.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Juu weye unasomaka yote kwa sauti."

Wapagazi waligeuza nyuso, wale wanaume wakorofi, kila mmoja akaona gunia la kupanga upya. Mume wangu akachukua kikapu changu kwa mkono mmoja, akanishika mkono kwa mwingine, mchana kweupe, kitu ambacho kwetu mume hafanyi, na tukaenda hivyo mpaka kwa daktari.

Daktari alisoma akakasirika kwanza. Akasema nimemharibia orodha, mwalimu wake atafikiri Kindu hawajui mbwa ni nini. Akainuka, akaketi, akaondoa miwani. Akasema angekuwa na akili angeniona mimi, yeye aliyenifundisha kidole, kila siku niko mbele yake. Nikamwambia aache, asinipigie kelele zake, nina haraka, nimeandikiwa leo. Akavaa miwani, na yeye mwenyewe akatupeleka hospitali.

Daktari mpasuaji wa watu alikuwa mtu mrefu asiye na maneno. Akamwuliza mwenzake tangu lini wanyama wanaletwa kwake. Daktari wetu akamjibu kwamba mgonjwa huyu amekuja kwa njia ya mbwa lakini karatasi yake ni sahihi kuliko za watu wengi. Mpasuaji akaisoma telegramu, akanipapasa, akaniambia atakata ziwa lote na kusafisha mpaka kwapani, na akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa, limenyonyesha saba, limefanya kazi yake, aliondoe. Mume wangu ndiye aliyetoka nje.

Nilipozinduka nilikuwa mwepesi upande mmoja, na kiu. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi miguuni pa kitanda na bakuli la supu ya kuku. Nikadhani nimekufa. Akasema kunywa, Jumatatu imepita hujanitukana, nyumba imekuwa baridi. Nikanywa.

Mwindaji mwenye kofia ya manyoya alikuja pia, lakini kugombana. Habari zilikuwa zimemfikia Kailo kwamba jike lake ni mwanamke, na shemeji zake walikuwa wamepata la kusema mwaka mzima. Alitaka nimrudishie jina. Nikamwambia jina namrudishia, ila kwa masharti, amlete mbwa akatwe, maana mimi nimekwisha kumfungulia njia na yeye anaogopa kisu ambacho mama wa watoto saba amelala chini yake. Aliona haya. Wiki iliyofuata alimleta uani pa hospitali, nikiwa bado nimefungwa bandeji, nikamshika kwa mkono wangu wa kulia. Donge lake lilikimbia chini ya kidole. Nikamwambia mwenyewe hapohapo, huyu wako ataishi. Na kioo baadaye kilisema hivyohivyo, naomba hilo liandikwe mahali.

Lakini kabla ya hapo, ziwa langu lilipaswa kwenda Lubumbashi. Mwalimu alilitaka lote, aangalie kingo zake kama ugonjwa umebaki nyuma au umetoka wote, na kungoja kujua hilo ndiko kulikoniweka macho wazi hospitalini. Nilikuwa nimeacha pipa langu kwa mdogo wangu, na yeye alipika mara tatu kama nilivyomwelekeza. Wakaliweka kwenye ndoo yenye kifuniko, ndani ya lutuku. Daktari akauliza karatasi iandikwe nini. Akasema kwa upole kwamba safari hii tunaweza kutumia namba tu, mtu asijue.

Mume wangu akasema aletewe kalamu.

Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, ulimi nje kama mtoto wa shule. Sikuwepo stesheni, nilikuwa kitandani, lakini wapagazi wote wamenisimulia na masimulizi yao hayapishani. Walisema alipakia mizigo mingine yote kwanza, kimya. Kisha akaibeba ndoo yeye mwenyewe, hakumpa mtu, akasimama kwenye mlango wa behewa, akasoma karatasi kwa sauti ambayo hata wenye mitumbwi katikati ya Lualaba waliisikia. Alisoma jina langu lote. Akasoma: ziwa la muke wangu, la kushoto. Akasoma: si imbwa. Akasoma: lisigeuzwe, lisiguswe, mwenyewe yuko Kindu anangojea.

Hakuna aliyecheka. Mmoja alivua kofia.

Jibu lilichukua wiki mbili na nusu. Alikuja nalo hospitalini anakimbia, karatasi haijakunjwa, na tangu kwenye ngazi nilikuwa namsikia anasoma, wodi nzima ilikuwa inamsikia, kingo safi, kingo safi, kingo safi, neno hilohilo, maana alikuwa amefika hapo na hakutaka kwenda kwenye mstari mwingine.